Mmecheka Makochi Yakipandishwa Kirikuu, Sasa Tuongee Hela ya Mtoto

Wadau, ile video imerudi tena. Juzi kuna mtu kaichukua, kaipachika muziki wa singeli, kaiweka upya, na nyie mkaipokea kama ndo mara ya kwanza. Kwa ambaye hana bando: yule dada aliyewahi kuwika kwenye filamu zetu (jina silitaji, na ukilitaja kwenye komenti naifuta) anatolewa vitu ndani. Makochi mawili, friji, televisheni na kitanda cha mtoto, vyote vinapandishwa kirikuu mchana kweupe. Yeye kasimama mlangoni na kanga kifuani, mtoto mdogo kamng'ang'ania mguu. Anayerekodi anacheka mpaka simu inatikisika, anasema "staa leo analala chini."

Nianze na langu kabla hamjaniumbua. Miezi miwili iliyopita video hiyo na mimi niliiposti. Niliweka na utani juu yake, ule utani wangu wa siku zote, na ndani ya saa mbili watu walioangalia walizidi wa mwezi mzima. Nilifurahi, sidanganyi. Kesho yake usiku nikaifuta. Ila kufuta kwenyewe kulikuwa bure tu, kurasa zote za ubuyu zilishakuwa nayo.

Kilichonifanya niifute ni ujumbe mmoja wa DM. Dada mmoja, msomaji wa humu, mkazi wa Tandika, aliandika hivi: "Kaka mimi huwa nacheka sana na posti zako, ila hiyo nimeshindwa. Mimi Jumatatu wanakuja kwangu. Unajua sehemu yoyote mtu anaweza kusaidiwa?" Hakutukana wala hakunisema. Nikakaa na simu mkononi sina cha kujibu. Nina ushauri wa nywele, wa viwanja vya kula bata, wa nani kaachana na nani. Hili sikuwa nalo.

Basi hii posti ni ya nilichokiona nilipoanza kutafuta jibu. Mi sio mwanasheria, elimu yangu ni kidato cha nne, nitaeleza kama nilivyoelewa.

Kwanza tuongee deni lenyewe, maana wengi mnaocheka hamjui hesabu yake. Mnadhani mtu alikopa akanunue mawigi. Yule staa mwenyewe alishasema kwenye laivu yake, kodi ya miezi 6 iliisha na mtoto mkubwa alikuwa kalazwa wiki hiyo hiyo. Kama umepanga Dar unaelewa. Mwenye nyumba hataki mwezi mmoja mmoja, anataka miezi 3 au 6 kwa mkupuo, na hakuulizi umeitoa wapi. Mshahara wa mtu mmoja haukusanyi kodi ya miezi 6 kirahisi, achilia mbali mtu anayelisha midomo mitatu.

Dada wa Tandika yeye anauza chapati na maharage asubuhi. Watoto wawili, mmoja yuko darasa la tatu, mwingine hajaanza shule. Alichukua kausha damu ya 300,000. Mkononi akapewa 270,000, maana kuna hela ya fomu 20,000 na kitu wanakiita bima 10,000, hiyo bima mpaka leo hajui inamkinga na nini. Marejesho 15,000 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu: 450,000. Siku ukichelewa, faini 5,000. Na chapati zake, siku zikienda vizuri kabisa, faida ni 18,000. Yaani anaamka saa tisa usiku anakanda unga, ananunuliwa, anamaliza, na baada ya rejesho anabaki na 3,000 ya kula watu watatu.

Alienda hivyo siku 9. Siku ya kumi mvua ilinyesha, wateja hawakuja, akapakua programu ya mkopo kwenye simu. Aliomba 60,000, ikaingia 45,000, na baada ya siku 7 wakataka 60,000 kamili. Hela yote ya programu ikaenda kulipa kausha damu. Mnaona mchezo ulivyo? Unalipa moto kwa petroli. Ukijumlisha na deni la kikoba 150,000 na la mangi dukani 38,000, huyu mtu alikuwa anadaiwa kila kona ya mtaa, na hakuna hata senti iliyoenda kwenye starehe.

Sasa sikilizeni hii. Kwa wakopeshaji wenye leseni ya daraja la pili, yaani hizi kampuni ndogo ndogo zisizopokea amana, Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Dada wa Tandika aliambiwa alipe 150,000 juu. Tofauti hiyo ndo imenunua pikipiki za wale vijana wanaozunguka na madaftari. Na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, inataka kila anayekopesha kama biashara awe na leseni. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujaweka sahihi ni hili: leseni yenu iko wapi? La pili: naomba nakala yangu ya mkataba. Wakikung'akia, ushajua umeingia kwa nani.

Hizi programu za simu ndo balaa zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Nikaitafuta ile orodha, nikakuta na ya dada wa Tandika imo. Unajua walimfanya nini siku ya nane? Wakati anajisajili ilimuomba ruhusa ya kuona namba zote kwenye simu, akabonyeza kubali kama sisi sote tunavyobonyeza. Basi wakamtumia kila mtu ujumbe kwamba huyu ni tapeli, kakimbia na deni, mwambieni alipe. Ukamfikia mama mkwe wa zamani. Ukamfikia mteja wake mkubwa wa ofisini anayechukua chapati 20 kila Ijumaa. Ukamfikia mwalimu wa darasa wa mtoto. Mtoto wa darasa la tatu.

Hapo ndo nilipotaka kurusha simu. Kwa sababu mimi na ile programu tumefanya kazi moja. Yeye aliaibishwa kwa majina ya kwenye simu yake, yule staa aliaibishwa na ukurasa wangu.

Taarifa za mtu zina sheria yake, ya 2022, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Ukifanyiwa hivyo usifute ule ujumbe kwa hasira. Piga picha skrini, omba na waliotumiwa wakupigie picha, kaa nazo. Sijamwambia dada asilipe, hela aliyopokea ni hela ya watu na atairudisha. Ila kumtukana mbele ya mwalimu wa mwanae sio riba, hiyo haikuwepo kwenye mkataba wowote.

Kingine ambacho watu wanatishiwa nacho sana ni polisi. "Tunakuja na askari, utalala ndani." Wadau, deni ni kesi ya madai. Kama hukukopa kwa kughushi wala kwa kudanganya, kushindwa kulipa peke yake sio jinai, na kituo cha polisi sio ofisi ya kukusanya marejesho. Anayekudai ana haki ya kukupeleka mahakamani, sawa, hiyo haki anayo na usiidharau. Ila kuvamia chumba asubuhi na vijana sita, watoto wamelala, huku mmoja anarekodi, hayo ni mambo ya mtaani. Ukiona wamefika hivyo muite mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa asimame hapo, asome huo mkataba unasema nini kuhusu dhamana, na kila kinachobebwa kiandikwe. Mambo mengi ya ajabu hutokea kwa sababu hakuna aliyekuwa anaandika.

Dada wa Tandika hakusubiri Jumatatu. Jumamosi alienda mwenyewe ofisini kwao na mjumbe wake, mimi nikiwa nyuma nimebeba daftari kama karani. Wakadai zimebaki 315,000 na faini juu. Mjumbe, mzee mmoja mpole sana, akauliza tu kwa sauti ya chini, "Leseni mnaweka ukuta gani?" Kimya. Baada ya hapo mazungumzo yakawa na adabu. Faini zikafutwa, rejesho likashuka kuwa 7,000 kwa siku, siku 45, ikaandikwa. Bado ni riba ya kuumiza, nilitaka abishane zaidi. Yeye akaniambia, "Kaka, mimi naishi hapa, wewe unaondoka na daladala." Nikanyamaza.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba mwenye deni akienda kabla hajafuatwa anakuwa na kauli. Akisubiri kufuatwa, anakuwa na makochi. Na kama kuna kitu cha kuuza, uza mwenyewe kwa bei yako, maana friji lako likishapanda kirikuu bei anapanga mwingine.

Haya, sasa kiini cha posti. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza kwenye zile komenti elfu na kitu: baba yao yuko wapi?

Akacheka. Yupo Kigamboni, fundi aluminiamu, ana kazi, ana mke. Hajatoa hela mwaka na miezi minne. Mara ya mwisho alituma 20,000 sikukuu, na maneno "wanunulie soda". Nikamuuliza kwa nini hujaenda ustawi. Akasema ataonekana anamganda mwanaume wa watu.

Nataka tusimame hapo. Mwanamke yuko radhi kwenda kwa mtu asiye na leseni, akaweka makochi dhamana, akalipa nusu ya mkopo kama riba, kuliko kwenda ofisi ya serikali kumdai baba hela ya mtoto. Nani kamfundisha hivyo? Sisi. Kila akitokea dada anadai matunzo tunaandika "anatafuta kiki", "kamkosa mwanaume sasa anataka hela." Nimeandika mimi. Tafuta posti zangu za zamani, zipo, hizo sijazifuta na sitozifuta.

Sheria ya Mtoto ya 2009 haina habari na kiki. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na ana haki ya matunzo kutoka kwa wazazi wake, wawe walioana au hawakuoana. Chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu. Anayeweza kwenda kudai sio mama peke yake, hata mlezi, hata mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima, hata afisa ustawi wa jamii. Zamani, kabla ya sheria hii, kulikuwa na sheria ya kikoloni iliyoweka kwamba baba wa mtoto wa nje ya ndoa anaweza kuamriwa kutoa shilingi 100 kwa mwezi, basi. Shilingi mia. Ilibaki kwenye vitabu mpaka mia ikawa haitoshi hata andazi. Sasa hivi mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, inaangalia majukumu mengine aliyonayo anayedaiwa, na inaangalia gharama za maisha za mnapoishi. Kwa hiyo mwanaume wa gari jipya na fundi wa kuunga unga hawaamriwi kiasi kimoja.

Njia yenyewe ni hii, na haina fomu ya kununua. Unaenda ofisi ya ustawi wa jamii, unaanzia kata, wakikuelekeza manispaa unaenda manispaa. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama kipo, namba ya simu ya baba, anakoishi au anakofanya kazi, na miamala. Miamala ni muhimu sana dada zangu. Ile meseji ya "umepokea 20,000 kutoka kwa fulani" ya miaka iliyopita, usiifute ili upate nafasi ya video. Mwanaume aliyekuwa anatuma hela ya mtoto hawezi kesho kusema simjui huyu mtoto akaeleweka kirahisi. Na usikae miaka ukisubiri abadilike, kadri unavyochelewa ndivyo ushahidi unavyopungua.

Akikana kabisa, kuna DNA kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hauingii tu na mate kwenye kikombe, maombi yanapitia kwa watu wanaotambulika kama ustawi, mahakama au wakili. Nawaambia hili kwa sababu kuna washkaji wanajidai "atanipeleka wapi, hana ushahidi". Ushahidi unatembea nao mwilini, kaka.

Dada wa Tandika alienda Jumanne. Akakutana na mama mmoja mtu mzima, miwani imeshikiliwa na kamba, ambaye hakumuuliza kwa nini uliachika. Alimuuliza mtoto anakula nini na anasoma wapi. Akampa barua ya wito kwa yule bwana. Wito wa kwanza hakuja. Wa pili akaja, na kaka yake, na maneno mengi kuhusu tabia za mwanamke. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Baba, hapa tunaongelea maziwa na daftari." Wakaandikishana 120,000 kwa mwezi, inatumwa kwa simu ili ibaki rekodi. Mwezi wa kwanza katoa, kachelewa siku 6. Asipotoa, faili linaenda mahakama ya watoto, kwa Dar kuna ile ya Kisutu, na huko amri ya mahakama sio barua ya kukunja mfukoni.

120,000 sio utajiri. Ila ni siku 17 za rejesho lake. Kama zingekuja kila mwezi tangu mwaka jana, kausha damu asingeijua hata mlango.

Sasa turudi kwa staa wetu. Baba wa watoto wake mnamjua, naye simtaji. Wiki ile ile ya makochi alitupia picha ya gari jipya, na nyie hao hao mliocheka kanga ya mama mkajaza moto na makopakopa kwa baba. Hakuna hata mmoja aliyeandika "bro, kitanda cha mwanao kimepanda kirikuu". Tukiwa na utani wa siku 3 kwa mama, hatuwezi kuwa na swali moja kwa baba? Mimi siombi mumtukane. Naomba muulize. Sikuzote ukurasa wake unajibu mashabiki haraka, tuone na hili.

Najua mnachotaka kuniambia, nshakiona kwenye DM. "Kuna wanawake wanatumia mtoto kama mtaji." Wapo. "Hela ya mtoto inaenda saluni." Inatokea. Kwa hiyo lipa ada mwenyewe shuleni, nunua mchele upeleke, lipia bima ya mtoto, waambie ustawi waandike hivyo, inaruhusiwa kukubaliana. Mwanaume ambaye shida yake kweli ni saluni huwa ana risiti za mchele. Na kuna kina baba wanaolea peke yao mama kasepa, nawajua wawili, sheria haijasema matunzo ni ya upande mmoja na ofisi ni ile ile, nendeni na nyie mkae kwenye benchi.

Watu wameniuliza pia kuhusu hela za serikali, kama kuna ya single maza. Wengi mmeangalia video za Ulaya mkadhani kuna dirisha la kuchukua posho ya mzazi peke yake. Hapa kwetu hilo dirisha halipo. Kuna vipande vipande, na inabidi ujue kipi ni cha nini.

TASAF ina mpango wa kunusuru kaya maskini, ila kaya zinaibuliwa na kupitishwa kwenye mikutano ya mtaa au kijiji, sio kitu cha kuombea wiki ambayo umekwama. Ukisikia kuna zoezi la kuandikisha mtaani kwako, nenda kwenye mkutano hata kama una aibu, maana asiyekuwepo hatajwi.

Elimu haina ada kwenye shule za serikali, kuanzia msingi mpaka kidato cha sita sasa. Sare, daftari na michango midogo midogo inabaki juu yako, na hiyo nayo inauma, ila nimeshangaa kukuta mtu anakopa kausha damu kulipia shule ya mchepuo wa Kiingereza kwa sababu majirani watamuonaje. Mi hapo naomba nisemwe vibaya: mhamishe mtoto. Atasoma. Mtoto aliye chini ya miaka 5, sera inataka atibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali, na ukikwama na bili hospitali ya serikali uliza ofisi yao ya ustawi wa jamii kabla hujamuita mkopeshaji. Mwenye ajira rasmi ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kuna mabosi wanakata mshahara hapo na wasichana wananyamaza.

Halafu kuna ile asilimia 10 ya halmashauri. Hii ndo ya kukalia mguu sawa. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Soma tena, haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na vikundi vinapaswa kuwa na biashara inayoeleweka. Inachukua muda, kuna kuzungushwa, kuna mtu atakuambia mfumo uko chini. Kwa hiyo haiwezi kukuokoa Jumatatu. Na tafadhali, usiichukue ukalipie kausha damu, maana mwenzako kwenye kikundi ndo atakayebeba zigo lako. Hiyo ni ya unga, jiko na meza. Dada wa Tandika na wenzake wanne wanaouza vitafunwa wameshaanza kusajili kikundi, wamegombana mara mbili kuhusu jina tu.

Kikoba nacho hakijamuacha. Aliwaeleza ukweli kwenye kikao, wakampunguzia rejesho, mmoja akalia na kusema na yeye anadaiwa na programu. Wakahesabu mikono. Kati ya wanawake 14, tisa. Tisa wamekaa chumba kimoja kila wiki na hakuna aliyejua habari ya mwenzake, kila mtu kapaka wanja kaja.

Ndo maana ile video inaniuma kila ikirudi. Kila anayeitazama na ana deni anajifunza kitu kimoja tu, kwamba bora nife nalo moyoni kuliko kuwa mimi kwenye kirikuu. Halafu anapakua programu nyingine.

Yule staa nilimtumia ujumbe wa kuomba radhi. Umesomwa, haujajibiwa, na hana deni la kunijibu.

Kwenye komenti leo sitaki majina ya watu. Kama umeshawahi kwenda ustawi ukasaidiwa au ukazungushwa, andika ni wilaya gani na walikuambia urudi na karatasi gani, mwenzako asome kabla hajapanda gari. Kama una ile video, usinitumie tena. Na wale wa Temeke, dada wa chapati yuko pale pale, anaanza saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu zimeisha.